Shajara ya Fimbo Nyepesi, Kabezi

Jumatatu

Mbuzi wa jirani ameivunja fimbo yangu ya kuvulia. Ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya chumba changu cha ushonaji, na yeye alikuwa akifuata maganda ya ndizi. Imekatika karibu na kiungo, mahali ambapo gundi haisaidii. Jirani amekuja kuomba radhi, akaniletea maembe. Nimeyapokea.

Ilikuwa fimbo ya kaboni, na kaboni ndivyo ilivyo: nyepesi mkononi, inakuletea habari za samaki hata akigusa chambo kwa ncha ya mdomo, lakini ikigongwa ubavuni inapasuka. Faibaglasi ina uzito zaidi na haihisi sana, ila kwato zingepita ikapinda na kurudi. Kwa nyumba yenye watoto na mbuzi, na kwa mfuko wangu wa sasa, safari hii natafuta faibaglasi, au ile iliyochanganywa na kaboni kidogo.

Nene sitanunua. Naandika hili mapema kwa sababu nitakapoanza kuuliza bei kila mtu atanishauri ninunue nene. Mimi navua kwa vyambo vidogo vya bati, vya gramu tano hadi saba, na sababu iko majini. Samaki wawindaji wa ziwa letu, Tanganyika, wamelelewa na ndagala, na ndagala kwa kawaida hazidi sentimita kumi. Mukeke, ambaye wenzetu wa Kigoma humwita mgebuka, humfuata ndagala usiku na mchana. Anayetaka kumdanganya samaki huyo na ampe kitu chenye umbo la chakula chake. Sasa chambo chepesi kinataka ncha inayokubali kukunjwa nacho: unapoipeleka fimbo nyuma, uzito wa chambo unaikunja ncha, na ncha inapojinyoosha ndiyo inayokirusha. Fimbo nene gramu tano haziikunji. Utarusha kwa nguvu ya bega mpaka jioni, na chambo kitaanguka palepale miguuni pako.

Jumanne

Nimekwenda Bujumbura. Mafuta yameadimika tena, kwa hiyo nimesimama barabarani tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, na gari lililopatikana lilikuwa limejaa magunia ya unga wa muhogo hadi kwenye magoti ya abiria. Nimeshuka mweupe kuanzia kiunoni kwenda chini.

Tangu soko kuu lilipoungua Januari 2013, vitu vya uvuvi vimetawanyika mjini. Nyavu, kamba na maboya utavipata kwa wenye maduka ya Quartier Asiatique. Ndoana na risasi zipo Buyenzi na kwenye soko la Kwa Siyoni. Fimbo zenyewe huja kwa bahati, utazikuta zimesimamishwa pamoja na pampu za baiskeli na mifagio.

Duka la kwanza nimehudumiwa na kijana mwenye adabu sana. "Baba, chukua hii, ni ya sangala." Ilikuwa ya mita tatu, nene, nyekundu inayong'aa, faranga laki mbili na nusu. Nikamwuliza inarusha gramu ngapi. Akausoma mpini, akaona herufi M, akaniambia M ni "mrefu". Nimemweleza, naye akasikiliza mpaka mwisho na kuandika kwenye daftari lake la madeni, kwa hiyo naandika hapa pia. UL ni nyepesi kabisa, L ni nyepesi, ML inakaribia ya kati, M ni ya kati, H ni nzito. Ila kila kiwanda hupima kwa mkono wake, na L ya huyu yaweza kuwa ML ya yule. Cha kutegemea zaidi ni namba za uzito wa chambo. Ukiona gramu 3–15, jua fimbo hiyo itafanya kazi vizuri zaidi katikati ya namba hizo kuliko kwenye kingo zake; kwa vyambo vyangu hiyo ndiyo hasa. Fimbo zinazotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa kwa aunsi, na aunsi moja ni gramu 28 na kidogo: 1/8 ni gramu tatu na nusu, 1/4 ni saba.

Duka la pili walikuwa na fimbo fupi nzuri, bei ya kuvutia, lakini ilikuwa na kijino cha kushikia kidole chini ya mpini, na pete zake zimetazama juu. Hiyo ni ya rili inayokaa juu ya fimbo. Pipa la rili ya namna hiyo linazungushwa na chambo chenyewe kinaporuka. Zipo za fedha nyingi zinazoweza kurusha vyepesi, lakini za bei nafuu zinataka kitu kizito, na ukizipa gramu tano mshipi unajifuma ndani ya pipa. Nimeona mtu akikata mshipi wote kwa wembe. Anayeanza, au mwenye fedha ya mara moja tu, achukue fimbo ya rili inayoning'inia chini. Pipa lake husimama tuli na mshipi unateleza kupita ukingoni, kwa hiyo hata chambo kidogo kinaweza kuuvuta.

Nimerudi mikono mitupu. Abiria aliyekaa nami ameteremka Kanyosha na mwavuli wangu, akaniachia wake wenye mbavu zilizochomoka.

Jumatano

Shemeji ameniazima fimbo yake ya vipande vinavyoingiana, ile inayofungwa ikawa fupi hata ikaingia mkobani. Ndiyo fimbo ya bei ya chini kuliko zote, na wauzaji huisifu kwa ajili ya safari. Nimekwenda nayo ufukweni alfajiri kabla ya kufungua kazi.

Inarusha, siwezi kuisingizia. Lakini kila kiungo ni mahali pagumu pasipopinda, kwa hiyo mkunjo wake ni wa kukatikakatika, na chambo chepesi kinatoka kwa kusitasita. Shida kubwa zaidi ni mchanga. Upepo wa ziwa umepuliza, chembe zimeingia kwenye viungo, na nilipotaka kuifunga vipande viwili vimekataa. Nikakokota, nikakung'uta, nikamwita kijana wa mtumbwi tukavuta pande mbili. Haikufunga. Nimevuka barabara na fimbo ya mita mbili na nusu ikitangulia mbele yangu, pikipiki zimesimama, mnyonzi mmoja wa baiskeli amenipigia kengele tangu kituo cha afya hadi kwangu. Mteja aliyekuwa akisubiri gauni la harusi ya mdogo wake amesema nimechelewa, na ni kweli ilikuwa saa mbili na robo.

Jioni vipande vimeachiana kwa maji ya vuguvugu na kuzungusha polepole bila kuvuta. Shemeji ameshukuru.

Alhamisi

Mvua tangu usiku. Tope limeshuka mlimani na magari hayaendi kusini wala kaskazini. Sikuvua, na radi ikiwa karibu nisingevua hata kungekuwa na jua upande mmoja: kaboni hupitisha umeme, na mtu aliyesimama ufukweni akiwa ameinua fimbo ya kaboni ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye. Radi huua watu kila mwaka nchini kwetu. Faibaglasi haipitishi umeme hivyo, lakini mshipi uliolowa na mwili wa mtu vipo palepale. Ukisikia ngurumo ilaze fimbo chini, ondoka majini.

Cherehani nayo imegoma. Ukanda umelegea kwa unyevu.

Ijumaa

Nimeipata. Buyenzi, kwa mama mmoja anayeuza vipuri vya baiskeli, ilikuwa ya mwisho na imekaa dukani hata vumbi limeganda kwenye pete. Vipande viwili, mita moja na sentimita themanini, faibaglasi yenye kaboni kidogo, mpini wa povu jeusi. Mama alikuwa amebandika karatasi ya bei juu ya namba za gramu. Tumeibandua kwa mate na kucha, na namba mbili zikaondoka pamoja na gundi. Ilibaki "L" na mkwaju.

Kwa hiyo tumeipima bila namba, na huu ndio upimaji ninaoutaka kila mnunuzi aujue, kwa sababu hauna gharama. Nimetoa mfukoni chambo cha gramu saba, nimekipitisha kwa uzi wa cherehani kwenye pete ya nchani, nikakiacha kining'inie huku nimeishika fimbo mlalo. Ncha ikainama kidogo, ikatulia. Nikaitikisa polepole, mkunjo ukashuka hadi theluthi ya juu na mpini ukabaki imara. Ile nyekundu ya Jumanne isingejua hata kama kuna kitu. Kisha nimepitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Penye ufa nyuzinyuzi za pamba hunasa, na ufa huo ndio utakaokata mshipi siku samaki mkubwa atakapokuja. Pete zote salama. Nimeunganisha vipande viwili, nikazungusha: kiungo hakitoi mlio. Nimetazama kwa jicho moja toka mpini hadi ncha, pete ziko kwenye mstari. Faranga elfu tisini na tano. Mama amenipunguzia tano kwa ajili ya namba zilizobanduka.

Rili nimepewa dukani kwa jirani yake, ndogo, namba 2000, tayari imejazwa mshipi. Mshipi huo ni wa milimita 0.40. Nimeomba 0.20 na mwenye duka akahuzunika, akaniambia baba utalia. Lakini mshipi mnene una ugumu wa kukumbuka umbo la pipa, unatoka kwa mapindi na kugonga pete, na gramu tano hazina nguvu ya kuuburuta. Wa 0.20 hushika takriban kilo tatu, na rili ina breki ya kumlegezea samaki akikimbia. Hakuwa nao. Nimeuondoa ule mnene mbele ya duka kwa kutembea nao, na mtoto wa shule akaufuata akiukusanya. Mwembamba nimeupata maduka manne mbele.

Kwenye gari kondakta alisema fimbo ilipiwe kiti. Nimeitenganisha vipande viwili, akakubali, kisha ncha ikamgusa mama mmoja kwenye kilemba na akabadili mawazo. Nimeteremshwa Mugere, pale njia inapokwenda kwenye jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871. Nimetembea iliyobaki kwa miguu. Mvua ilinikuta nusu ya njia nikiwa na mwavuli wa yule abiria.

Jumamosi

Nimerusha alfajiri. Chambo kimeruka mbali bila mimi kutumia nguvu, kimeingia majini kwa sauti ndogo, na nikahisi bati linavyotetema hadi kwenye kidole. Nimefurahi sana. Furaha hiyo ndiyo inayonifanya niandike haya yote: mtu mwenye fedha kidogo anaweza kuipata, mradi asiuziwe fimbo isiyo ya kazi yake.

Kisha chambo kimenasa kwenye ua wa waya. Ua huo ulikuwa wa kiwanja cha mtu, na ziwa lilikimeza lilipopanda 2024. Nguzo zimo majini na nyaya hazionekani. Wazee hapa hulinganisha mafuriko yale na ya 1964. Mimi napenda anayekuja kuvua Kabezi au Rumonge aulize kwanza wenyeji chini pana nini: miembe iliyokufa, kuta, vyoo vya zamani. Mshipi umekatika, chambo kimebaki.

Chambo cha pili kimeshika kitenge cha mama aliyekuwa akiosha masufuria nyuma yangu upande wa kulia, ingawa alipofika mimi nilikuwa nimeshatazama nyuma nikaona pako tupu. Ndoana ya vyambo hivi huwa na meno matatu, na kila jino lina mwiba. Kitenge kimetobolewa mahali pawili. Nimekishona palepale kwa sindano ya mfukoni, na mama amesema mshono ni mzuri kuliko wa kwanza. Nimerudi nyumbani nikaondoa ndoana zote za meno matatu, nikaweka za jino moja, na mwiba nimeukandamiza kwa koleo. Samaki hushikika vilevile ukiuweka mshipi umekazwa, na mtoto akijichoma, inatoka bila kukata nyama.

Jumapili

Pete ya pili kutoka nchani imelegea, kisha imetoka. Kwenye fimbo za bei nafuu hili ni la kutarajiwa: miguu ya pete hufungwa kwa uzi na kupakwa vanishi, na vanishi ya haraka hupasuka.

Hapa kazi yangu imenifaa. Nimekwangua vanishi ya zamani, nimeweka pete kwenye mstari na nyingine, nimezungusha uzi wa poliesta, kila mzunguko umegusana na uliotangulia, kuanzia kwenye fimbo hadi juu ya mguu wa pete. Mwisho wa uzi nimeuvuta chini ya mizunguko kwa kitanzi ili pasiwe na fundo. Gundi ya epoksi haikupatikana Jumapili, kwa hiyo nimepaka rangi ya kucha ya shemeji wa kike, isiyo na rangi, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikikauka. Ilipokauka ya mwisho binti yake alikuja akaongeza yake, nyekundu. Fimbo sasa ina pete moja nyekundu.

Jumatatu

Mwezi mpevu. Taa za wavuvi wa ndagala hazivuti kitu usiku wa mbalamwezi, kwa hiyo makatamarani yamefungwa ufukweni na watu wote wapo nchi kavu, wanashona nyavu na kunitazama. Mzee mmoja mwenye chombo chake ameniita: "Fundi, hiyo ni fimbo au sindano?" Nimempa aishike. Ameinua, amerusha, amenyamaza, amerusha tena. Hakuirudisha hadi jua lilipokuwa juu. Wateja wamenisubiri.

Nilipofika, nimekuta binti wa shemeji amevaa masikioni vibati viwili vya kuzunguka alivyochomoa kwenye vyambo vyangu. Ndoana alikuwa ameziweka kwenye kikombe, kwa uangalifu. Vinampendeza, sikuvidai. Tumetengeneza vyambo vingine kwa kijiko cha chai: unakata mpini, unatoboa matundu mawili, moja la pete ya mshipi na moja la ndoana, unakisugua king'ae. Huko Marekani Julio Buel alipata hataza ya chambo cha kijiko tangu 1852. Kijiko chepesi cha bati la aluminiamu kinafaa fimbo nyepesi. Cha chuma cha pua pima kwanza kwenye mizani ya muuza viungo. Mama mkwe ametafuta vijiko vyake wakati wa chai.

Jumatano

Kuhe. Amechukua kijiko karibu kabisa na ukingo, maji ya kiuno. Fimbo imekunjwa hadi katikati, breki ya rili imelia, mshipi wa 0.20 umevumilia. Pete nyekundu haikutikisika. Nilipomsogeza nikaona mwenziwe amekuja nyuma yake, na chini yao wingu la watoto wadogo juu ya mchanga.

Kuhe ni mmoja wa samaki wakubwa kuliko wote wa jamaa ya sato duniani, na hapatikani popote ila Ziwa Tanganyika. Dume na jike hulinda watoto pamoja. Ukimchukua mmoja, samaki wengine hula makinda. Nimemtoa ndoana ndani ya maji kwa mkono uliolowa, imetoka mara moja kwa kuwa haina mwiba, akarudi pale pale kwa mwenziwe. Vijana waliokuwa wakitazama wamelalamika sana, mmoja amekataa kunisalimia. Nchi nne za ziwa hili zimekubaliana kupumzisha uvuvi miezi mitatu kila mwaka, na Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Wavuvi wenye familia wanabeba mzigo huo mabegani. Sisi wa fimbo, tunaovua kwa kupenda, hatuwezi kufanya pungufu ya kumwachia mzazi mmoja.

Nilipokuwa nikikunja mshipi, kiboko ameinuka upande wa mlango wa mto. Tumeondoka wote pamoja, hata aliyekataa kunisalimia. Ndara moja imebaki.

Alhamisi

Vijana wawili wamekuja wakati wa kazi kuuliza wanunue fimbo gani, nami nimesimamisha cherehani nikawaambia. Mita moja na themanini hadi mbili na kumi, vipande viwili, rili ya chini namba 1000 hadi 2500, gramu 3–15, mshipi wa 0.18 hadi 0.22. Faibaglasi kama nyumbani kuna watoto na mifugo. Fedha ikibaki iende kwenye mshipi mzuri kabla ya kwenda kwenye rangi ya fimbo. Chukua chambo chako mfukoni, na muuzaji asiyekuruhusu ukitundike kwenye ncha, mshukuru na uende duka linalofuata.

Na ninyi wenye maduka, Bujumbura hadi Nyanza-Lac, nawaomba sana: karatasi ya bei ibandikeni chini ya mpini. Namba za gramu ziacheni zisomeke.